Mtaani wanachangisha elfu tano kila nyumba kupuliza moshi wa mbu, hivi inasaidia kweli?

Baba Shani
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hasa nyie mnaojua mambo ya afya au mliowahi kufanya kitu kama hiki mtaani kwenu.

Niko Tabata, mtaa wetu una nyumba nyingi za kupanga na maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, wiki nyingine mara moja, kwa hiyo kila mlango una jaba au simtanki au madumu yamepangwa uani. Masika ikikolea mbu wanazidi mpaka mchana unang'atwa umekaa barazani. Mwezi uliopita mke wangu alishikwa na homa ya ghafla, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo vyote vinavunjika, tukakimbilia zahanati wakapima malaria hakuna ila wakatupa dawa ya mseto hivyo hivyo pamoja na diclofenac ya maumivu, siku ya nne fizi zikaanza kutoa damu ndo tukaenda hospitali kubwa wakapima wakakuta dengue na kitu cha kwanza daktari aliuliza ni nani kawapa diclofenac. Namshukuru Mungu amepona lakini mpaka leo akipanda ngazi anachoka. Baada yake akaugua jirani yetu wa ukuta, kisha kijana wa dukani.

Sasa kikao cha mtaa juzi kimependekeza kila nyumba itoe elfu tano tukodi mashine ya moshi ipite mtaa mzima siku moja. Nyumba ziko kama 140, yani ni kama laki saba, na mimi nimewekwa kwenye kamati ya kukusanya. Kabla sijaenda kugonga mlango wa mama anayeuza vitumbua nimwombe elfu tano nataka nijue inaenda kufanya kazi gani. Nawasilisha.

chalii_wa_Sinza
Toeni tu mkuu. Kwetu walipuliza mwaka ule wa dengue nyingi 2019, usiku ule tulilala milango wazi hakuna hata mmoja.

Baba Shani
Na baada ya hapo ilikuaje? Walikaa muda gani kabla hawajarudi?

chalii_wa_Sinza
Mmh nikikumbuka vizuri wiki haikuisha, mvua ilinyesha katikati wakarudi. Sikuwahi kufikiria kwa nini.

Mzee wa Mazalia
Baba Shani pole sana kwa kuuguza. Mimi kazi hii nimeifanya kwa miguu hapa hapa Dar, nilikuwa mmoja wa wale wa mtaani waliochukuliwa na mradi wa kudhibiti malaria mjini ulipoanza 2004 kwenye kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, kwa hiyo naomba nieleze kwa urefu maana hiyo laki saba inaniuma na bado haijakusanywa.

Moshi unaua mbu anayeruka dakika ile ile unapopita. Basi. Mayai haugusi, viluwiluwi vilivyo ndani ya jaba haugusi, na mbu wa dengue muda mwingi amejificha ndani ya nyumba, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, kwenye nguo zilizotundikwa, mashine inapita barabarani yeye yuko kabatini. Kesho yake vile viluwiluwi vinageuka mbu. Ndo maana kwa ndugu yangu wa Sinza wiki haikuisha. Sisemi moshi hauna kazi kabisa, ugonjwa ukilipuka serikali inapuliza kupunguza wale mbu ambao tayari wamebeba virusi, lakini hapo inabidi kurudia na kurudia na kwenda pamoja na kumwaga maji, sio kupita mara moja kama maandamano.

Halafu watu wanasema mbu mbu kama vile ni mdudu mmoja. Hapa mjini kuna watatu wa kuwajua na kila mmoja ana kwake.

Yule anayelia sikioni usiku mpaka unajipiga kofi ni kuleksi, anazaliwa kwenye maji machafu, makaro, vyoo vya shimo, mitaro iliyoziba kwa mifuko na chupa. Huyo ndiye analeta matende na mabusha huku pwani. Wa malaria, anofelesi, anapenda maji yanayopigwa jua, dimbwi la barabarani, matuta ya viazi na mchicha kule bondeni, msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, anauma usiku. Ukitaka kumjua angalia kiluwiluwi chake kinalala bapa juu ya maji, hao wengine wananing'inia kichwa chini.

Wa tatu ndiye aliyemuumiza shemeji. Edesi, mweusi ana pete nyeupe miguuni, anauma mchana, asubuhi na kuanzia alasiri, tena haimbi, unashtukia kifundo cha mguu kinawasha. Huyu hataki mtaro wako mchafu. Anataka chombo: jaba, ndoo, tairi, kifuu, sahani ya chini ya ua, kopo la rangi, kifuniko cha chupa kilichoshika maji ya mvua kinamtosha. Na hasafiri mbali, wengi wao maisha yao yote hawavuki nyumba chache kutoka walipozaliwa. Kwa hiyo mgonjwa akianza kwako, kisha jirani wa ukuta, kisha dukani, mazalia yako hapo hapo kati yenu, msiyatafute mbali kule bonde la Jangwani.

Kitu watu hawakijui ni mayai yake. Hatagi juu ya maji kama wengine, anayabandika kwenye ukuta wa chombo pale maji yanapoishia, vidoa vyeusi kama masizi. Ukimwaga maji ukaacha chombo kikauke yale mayai yanakaa miezi yanasubiri, siku ukijaza tena yanaanguliwa. Kumwaga peke yake hakutoshi, lazima usugue kwa brashi au dodoki kuzunguka ule mstari.

Na hapa ndo pa kushika kabisa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka kwa joto letu la Dar ni siku saba mpaka kumi. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi ni nzuri sana na naipenda, lakini kwa edesi kati ya Jumamosi moja na nyingine vinapita vizazi viwili vitatu. Mbu hana mwezi, ana wiki. Mkisafisha vyombo kila wiki siku ile ile, kiluwiluwi hakifiki utu uzima. Mkiruka wiki mbili mmempa nafasi.

Sisi kwenye mradi tulikuwa na eneo letu kila mmoja, tunafuata mashina ya nyumba kumi, unazunguka wiki nzima unarudi ulipoanzia, na mwaka 2006 ndo wakaanza kuweka dawa ya viluwiluwi kwenye kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, ile ya bakteria ambayo kiluwiluwi anaila tumbo linaharibika ila samaki na binadamu haimdhuru. Siku hizi dawa ya namna hiyo inatengenezwa Kibaha, teknolojia ya Wakuba, halmashauri ndo zinazinunua, kwa hiyo nendeni kwa afisa afya wa kata mkaulize zamu ya mtaa wenu.

Nikwambie kitu kimoja tulichojifunza kwa shida. Tulichora ramani kwa mkono kila mtu eneo lake, baadae zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, kumbe kulikuwa na vipande vizima vya ardhi havikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote, kila mmoja alidhani ni cha mwenzake. Na sehemu nyingine tulijua zipo ila hatuingii, viwanja vya ukuta na geti, mlinzi anakwambia bosi hayupo. Kwenye kamati yenu anzeni na hivyo, nani ana funguo za lile pagala, nani anajuana na mwenye lile geti.

dada wa wodini
Shikamoo mzee, umeeleza vizuri. Mimi niongeze upande wa mgonjwa maana hili la diclofenac la Baba Shani naliona mara nyingi na linanitia uchungu.

Jamani kipindi cha dengue mtu akiwa na homa na hajapimwa, maumivu mpe paracetamol tu kwa kipimo chake. Diclofenac, ibuprofen, aspirini hapana, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Maji mengi, madafu, uji, ORS ile ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Na watu wanadhani homa ikishuka ndo amepona, kumbe kwa dengue zile siku homa inaposhuka, kama ya tatu mpaka ya saba, ndo za kumwangalia kwa makini. Tumbo kuuma sana, kutapika hakukomi, fizi au pua kutoa damu, mtu amelegea au hatulii, mkono wa baridi, hapo usisubiri kesho peleka hospitali.

Kipimo cha malaria kikitoka hakuna, muulize daktari basi ni nini, usikubali mseto wa kubahatisha ukaondoka.

Na kingine ambacho hakisemwi, mgonjwa alale kwenye chandarua mchana pia. Sio kwa ajili yake, kwa ajili yenu. Zile siku za mwanzo za homa damu yake ina virusi, mbu akimuuma yeye ndo anakwenda kumpa jirani wa ukuta. Vilevile watoto wanaolala mchana.

Mwana wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Hayo ya maji kutoka mara mbili kwa wiki ndiyo nataka niyaguse, kwani wengi hudhani magonjwa ya mbu ni mambo ya mvua. Sisi huku mwaka 2004 chikungunya ilianza Lamu, kisha ikaja Mombasa, na ulikuwa wakati wa ukame. Maji hakuna, kila nyumba imejaza mapipa na matangi, maji yamekaa wiki na wiki, mbu wakapata makao ndani ya nyumba. Lamu robo tatu ya watu walipatwa. Nina shangazi yangu kule, mikono ilikuwa haiwezi kukamua nazi miezi mitatu. Dengue nayo imetupiga 2013 na ikarudi tena baadae, chikungunya ikarudi mwisho wa 2017.

Kwa hiyo ndugu zangu hata kiangazi msilale, mvua zikikatika ndipo mapipa yanapoongezeka.

Mzee wa Mazalia
Mwana wa Kisauni umesema neno. Hata jina lenyewe chikungunya limetoka kwetu, ni Kimakonde, ugonjwa unaomkunja mtu, lilipatikana mlipuko wa 1952 uwanda wa Makonde kule Newala ambako maji tangu zamani ni ya shida na watu wanayahifadhi ndani. Miaka sabini imepita na chanzo ni kile kile, mtu hana uhakika wa bomba kesho.

Sheria Kwanza
Mimi naona tunabembelezana sana. Singapore wanaingia nyumba kwa nyumba, wakikuta maji yamesimama yana viluwiluwi unapigwa faini palepale. Mwenyekiti wa mtaa akiweka faini elfu hamsini mtaona kama kuna jaba litabaki wazi.

Mama Nasra
Kaka samahani nikupinge. Singapore bomba linatoka saa ishirini na nne. Mimi nikisikia maji yametoka saa nane usiku naamka nakinga kila nilichonacho mpaka sufuria la pilau, nina wajukuu wanne na nauza chakula, halafu uje uniandikie faini kwa sababu nimehifadhi maji? Nitakachofanya nitaficha madumu chumbani na hapo hamtaona kitu kabisa. Mje kwangu mnisaidie kufunika nitawakaribisha na chai.

Mtoze faini mwenye pagala aliyechimba msingi akaenda zake miaka miwili, na fundi anayerundika matairi barabarani.

Sheria Kwanza
Hapo kwenye pagala na matairi tuko pamoja mama. Na hilo la kuficha sikuliwaza, nakubali.

fundi mabomba
Kufunika jaba sio gharama. Kifuniko kikiwa kimepasuka chukua chandarua kile cha zamani kilichochakaa, kata kipande kisicho na tundu, kunja mara mbili, weka mdomoni mwa jaba halafu ufunge na mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama mkanda. Maji unakinga yanapita, mbu haingii. Simtanki angalia kifuniko cha juu na lile bomba la kufurikia, wengi wanasahau bomba la kufurikia liko wazi na mbu anaingilia pale, lifunge kwa wavu ule ule. Karo nalo, mfuniko wa zege ukiwa na nyufa ziba kwa saruji, bomba la kupumulia lifunge wavu juu. Matairi kama unayahitaji toboa tundu upande wa chini au yaweke chini ya bati.

Bi Mkubwa Unguja
Kuhusu vyoo na hao wanaolia usiku, watu wa Makunduchi wana la kuhadithia. Mwaka 1988 kule Kusini Unguja walimimina vile vichembe vyeupe vya povu, lile povu wanalofungia televisheni ndani ya boksi lakini vikiwa vidogo vidogo kama chembe za mtama, kwenye vyoo vya shimo vyote vyenye maji. Vinaelea vinafunika uso wa maji, mbu hapati pa kutaga na kiluwiluwi hapati pa kuvutia pumzi, na vinakaa miaka bila kuongezwa. Pamoja na hivyo watu wakapewa dawa za matende. Kabla yake karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende kwenye damu, baada ya miaka mitano ikafika asilimia 3. Ila muangalie, kwa nyie Dar ambapo choo kikijaa mvua kinafurika mtaani, vichembe vitaondoka na maji. Ni kwa shimo ambalo halifuriki.

kijana wa maabara
Nimefuata huu mjadala tangu mwanzo. Kuna jambo linanikosesha usingizi na sioni likizungumzwa mitaani. Tumezoea kusema mbu wa malaria ni wa shamba na madimbwi, lakini kuna anofelesi mwingine ametoka Asia anaitwa stefensi, huyu anazaliwa kwenye matangi na mapipa ya maji safi mjini kama edesi. Djibouti walimkuta 2012, mwaka huo walikuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu, 2020 wakapita elfu sabini. Ameshaingia Ethiopia, na Kenya walitangaza 2023 kumpata Marsabit. Akifika mji wenye majaba kama yetu, jaba moja litatupa dengue na malaria kwa pamoja. Kwa hiyo kufunika vyombo tunakofanya leo ni kwa ajili ya huyo pia.

Halafu watu waendelee na chandarua na nyavu za madirisha, sio kwamba tukisema vyombo basi hayo yameisha kazi.

Baba Shani
Wakuu nimerudi baada ya siku kumi, samahani nilikimya tulikuwa kazini.

Nilichapisha maneno ya Mzee wa Mazalia na ya dada wa wodini nikayasoma kwenye kikao. Kulikuwa na ubishi, wengine walishazoea kwamba usipoona moshi hakuna kilichofanyika, na nawaelewa kwa sababu mtu aliyeuguza anataka kuona kitu kikubwa kinafanyika. Mwishowe tumekubaliana moshi tusikodi. Badala ya elfu tano kila nyumba itoe elfu moja, tumenunua nyavu roli mbili na tyubu za baiskeli, na kila shina limetoa mtu mmoja wa kuzunguka Jumapili asubuhi. Siku ni Jumapili, kila Jumapili, kabla watu hawajaenda kanisani na wengine wakishatoka kwenye shughuli zao za asubuhi.

Jumapili ya kwanza nilianza kwangu mke wangu akiwa ameshika tochi ya simu. Jaba lilikuwa limefunikwa vizuri nikajua tumepona. Tukaangalia ile sahani ya nyuma ya friji inayokusanya maji ya barafu, viluwiluwi vimejaa vinacheza. Nusu mita kutoka mahali alipokuwa analala mchana anapougua. Hakusema kitu, alichukua brashi akaisugua mwenyewe. Kwa jirani wa ukuta tulivikuta kwenye matairi mawili anayofungia mbuzi, na dukani kwenye ndoo ya kuoshea glasi ambayo haijawahi kukauka.

Pagala bado. Mwenye kiwanja yuko nje ya mkoa, mwenyekiti amempigia akaahidi, na afisa afya wa kata amesema ataleta dawa ya viluwiluwi kwa ajili ya ule msingi na mtaro wa nyuma. Kuhusu maji, tumeandika barua ya mtaa mzima kuomba ratiba ya mgao inayoeleweka, angalau mtu ajue siku ili ahifadhi ya siku tatu sio ya wiki mbili. Barua ina sahihi 96, naipeleka mwenyewe Jumatatu na nitarudi kila Jumatatu mpaka nijibiwe.

Mzee wa Mazalia, kama uko karibu na Tabata tunakuomba Jumapili ijayo uje utuonyeshe hayo mayai kama masizi, kuna watu hawajaamini.

Mzee wa Mazalia
Nipo Buguruni mwanangu, sio mbali. Nitakuja saa moja. Msiisugue ndoo ya dukani kabla sijafika.

Mama Nasra
Mimi niko mtaa wa pili kutoka huo. Mkimaliza kwenu mpitie na kwangu, majaba matatu vifuniko vimepasuka, na msisahau ule mpira wa tyubu.